Kioo cha Dereva

Karina ya baba, mlango wa dereva:
kioo kilizama msimu ule wa korosho aliofariki,
kikagoma kupanda.
Miaka mitatu nimeziba kwa nailoni na gundi ya karatasi,
nikishuka kutoka Newala na vumbi jekundu mdomoni,
mvua ya Ndanda ikiniosha sikio moja tu.

Kabla ya hapo kilikuwa kizito.
Baba aliweka kidole cha kulia kwenye swichi,
kiganja cha kushoto kwenye kioo,
akikisukuma juu kama anayempandisha mtoto kitandani.
"Twende, mzee," alikiambia. "Twende, hatujachelewa."

Mafundi wawili walinipa neno moja: mota.
Mota imekufa, agiza Dar, andaa laki na nusu.

Somoe Ng'itu hakusema kitu.
Banda lake lipo Mkuti, Masasi, nyuma ya mashine ya kukoboa,
na pumba zinamtua kichwani mchana kutwa.
Alifungua skrubu saba (ya nane haikuwepo),
akabandua kadi ya mlango,
ikamwagika salfa.

Salfa, jamani!
Ya njano, laini kama poda ya mtoto,
ile ile tuliyopulizia mikorosho alfajiri, umande haujakauka,
iliyomkaa baba kooni, na kwenye kola,
na kwenye shuka za mama hata zikifuliwa mara tatu.
Pamoja nayo korosho mbili, kifungo, na shilingi mia.

Somoe akachukua nyaya mbili,
akaiunga mota moja kwa moja na betri.
Ikanguruma.
"Haijafa hii," akasema. "Ina njaa."

Kisha akaufuata umeme kwa testa,
kama unavyomfuata mdeni nyumba kwa nyumba.
Betri inatoa kumi na mbili, mota inapokea sita na ushei.
Nyingine zimeliwa wapi?
Ndani ya swichi, shaba ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria;
akaisugua kwa msasa hadi ikaona haya.
Penye bawaba, ndani ya mpira,
waya mmoja koti lake zima kabisa;
alipolichana, nyuzi mbili tu ndizo zilizokuwa zimeshikana.
"Kila ukifungua mlango unaukunja," akasema.
"Miaka ishirini na tano. Nani asingekatika?"

Akang'oa raba kuukuu, akasafisha reli kwa mswaki wa meno,
akapuliza silikoni.
"Usitie grisi, atakayekwambia grisi usimsikilize,
grisi na vumbi ni mtu na mkewe.
Haya, bonyeza."

Nikabonyeza.
Kikapanda.
Mwanzo kwa kusitasita, kisha kama kilichokumbuka njia,
kikaja juu na kile kilichozama nacho:
upande wa ndani, kwenye ukungu wa salfa,
maandishi ya kidole, nne yake yenye mguu mrefu,

Mag. 14
bado 3

Matatu ya nani?
Yako ghalani kwa chama? Kwa mjomba Chilumba?
Daftari halisemi. Mama hajui,
au anajua na amesamehe.

Somoe alikuwa tayari na kitambaa.
Nikamshika kifundo cha mkono.
Akanitazama, akakitazama kioo,
akakirudisha kitambaa begani.

Raba mpya akazifunga bila kukigusa kioo kati.
"Ila ukikishusha," akaonya, "hizi zinapangusa.
Raba haijui kusoma."

Kilomita nne tu, askari akanisimamisha.
Akagonga kioo kwa kucha: shusha.
Kidole kikaenda kwenye swichi,
kikakaa hapo.
Nikafungua mlango, nikashuka mzima mzima,
leseni mkononi, jua usoni.

"Kioo kibovu?"

"Kizima, afande," nikasema.
"Kimetengenezwa leo."